Supu ya Mweria

Swali mnaloniuliza ninyi vijana, mkishasikia kwamba nilistaafu kutoka maabara ya dawa za miti, huwa ni moja. "Shosh, mweria inatibu ama haitibu?" Mnataka neno moja tu, ndiyo au la, halafu mrudi kwenye simu zenu. Mimi nimefanya kazi na gome la mti huo tangu nikiwa msichana wa kuazima viatu hadi magoti yalipoanza kulalamika, na neno moja sina. Nilikuwa na maneno mengi, yote ya kweli, na niliyasema yote. Hayakusaidia kitu. Kwa hiyo sina matumaini makubwa kwamba haya nayo yatasaidia. Naandika kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu mkono bado unaweza kushika kalamu.

Kwa wale wa mjini ambao hawajawahi kuuona, mweria ni mti wa msitu wa mlima, mrefu, mwenye gome jeusi lililopasukapasuka. Ndugu zetu wa Embu wanauita kwa jina linalokaribia hilo hilo. Vitabuni huitwa mcheri wa porini, na nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka, maana cheri niliyoijua mimi ni kahawa mbivu tunayopeleka kiwandani. Matunda ya mweria ni machungu, ni ndege na nyani tu wanaoyavumilia. Watu wanachotaka ni gome.

Kituo chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Meru: jengo la mawe, kibanda cha kukaushia magome, na chumba cha panya. Jina lake sitalitaja, kwa sababu halina kosa. Aliyenipokea hapo ni Mzee M'Rukunga, Rukunga tu kwa tuliomzoea, fundi mkuu wa maabara, mtu wa Githongo, mfupi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama kisu. Kila nilichojua kuhusu kazi hii nilikipata kwake. Nawaambia mapema kwamba ni yeye ninayemlilia hapa, ili msije mkadhani hii ni hadithi ya mti.

Siku ya kwanza alinipa kitabu kilichosema kwamba majani na kokwa za mweria zikipondwa hutoa harufu ya lozi chungu. Sasa niambieni, ni nani Meru aliyekuwa amewahi kunusa lozi? Mkurugenzi mwenyewe hakuwa amewahi. Tulikuwa tunasoma habari za harufu kama vipofu wanaosimuliwa upinde wa mvua. Mzee Rukunga akatoka nje kwenye ua, akaokota kokwa ya lokwati, lile tunda la njano linaloozea chini ya miti shuleni, akaivunja kwa jiwe na kunisogezea puani.

"Hii ndiyo lozi yenu," akasema. "Ukisikia hiyo harufu, kuna sianidi karibu. Mti unakuambia, tusizoeane."

Halafu akanionyesha jinsi ya kuithibitisha, maana kwake pua ilikuwa shahidi tu, si hakimu. Unaponda majani ndani ya chupa ndogo, unaning'iniza juu yake karatasi iliyochovywa dawa ya njano, unafunga kifuniko. Sumu ikipanda, karatasi inabadilika polepole hadi kuwa nyekundu kama tofali. Nilifanya zoezi hilo nikisimamiwa naye hadi nikaanza kuota karatasi. Gome lilitoa wekundu kidogo, majani zaidi, kokwa zaidi. "Kwa hivyo mtu akikuambia mweria ni salama," akasema, "muulize sehemu gani, imepikwa vipi, kiasi gani, na ni nani anakunywa. Akikosa jibu moja, mwambie kwaheri."

Alikuwa mkali kwa magome kuliko kwa watoto wake. Gome hukaushwa kivulini, juu ya wavu, na hugeuzwa kila asubuhi. Krismasi moja nilitaka kuwahi nyumbani, nikalianika juu ya mabati juani ili likauke haraka. Likakauka nje na kubaki na maji ndani, na tuliporudi mwaka mpya lilikuwa limeota ukungu mweupe kama ndevu. Hakunigombeza. Aliniletea gunia, akaniambia nilibebe lote hadi shimoni, halafu mvua za Aprili zilipofika akanipeleka Githongo nikakate jingine pamoja naye, kwa miguu yangu, kwenye matope.

Hapo ndipo nilipomwona akikata. Mweria wake ulikuwa mpakani mwa shamba lake la kahawa. Alichukua gome upande wa mawio na upande wa machweo tu, vipande virefu viwili, akaacha pande mbili zingine bila kuzigusa. Mti hulishwa kupitia gome. Ukiacha nusu, hujifunika tena baada ya miaka, na ndipo unaruhusiwa kurudi. Ukizungusha panga pande zote, umeuchinja, ingawa utakaa msimu mzima na majani yake kana kwamba haujaambiwa. Miaka ya baadaye wanunuzi walipoanza kuja na malori, watu walizungusha panga. Katika msitu ulio juu yetu miweria ilisimama mikavu, myeupe, mmoja baada ya mwingine. Tulitafiti mti, tukasema una faida, na faida ikaumaliza. Lakini nilisema hii si hadithi ya mti.

Tuje kwa panya. Tuliwafuga wa maabara, weupe, wenye macho mekundu. Madume tuliwadunga homoni hadi tezi dume ikavimba, halafu wengine tukawapa dawa ya gome na wengine tukawapa maji, tukalinganisha. Sheria ya Mzee Rukunga ilikuwa kwamba chochote kinachoingia kinywani mwa panya lazima kiandikwe. Siku moja panya mmoja alitoroka, tukamtafuta hadi saa ya chakula, akapatikana ndani ya begi la mkurugenzi amemaliza nusu ya chapati. Mkurugenzi alikuwa anapiga kelele. Mzee Rukunga akamshika panya kwa shingo, akamtazama, akasema taratibu, "Kathure, andika, chapati nusu." Na nikaandika. Tulicheka wiki nzima, lakini hakufanya mzaha. Kitu usichokiandika, alisema, ndicho kitakachokuja kukudanganya.

Na sasa sikilizeni kile tulichokijua, kwa maana najua mtakieneza nusu nusu. Mwanaume akizeeka, tezi dume, ile inayozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, huvimba. Mara nyingi ni uvimbe wa uzee tu. Mkojo unakuwa wa kubembelezwa. Dawa ya gome la mweria, iliyokamuliwa kwa vipimo na kutiwa kwenye vidonge huko ng'ambo, ilionekana kuwapunguzia wazee wengine taabu hiyo. Si wote, na si sana. Ilikuwa afueni. Madhara yaliyoonekana yalikuwa madogo, tumbo kuchafuka, kichwa kuuma. Lakini wazee wale walifuatwa kwa miezi, si kwa miaka, kwa hiyo anayekunywa nusu ya maisha yake hakuna aliyejua atafika wapi. Na kidonge si sufuria. Gome la mti mzee si la mti mchanga, na la kuchemshwa si la kukamuliwa maabara. Sisi wenyewe tulipata majibu tofauti kwa mti wa Githongo na mti wa upande wa Embu. Juu ya saratani ya tezi dume, kwamba gome linaiponya ndani ya mtu, hatukuwa na ushahidi wowote.

Kwa hiyo hatari kubwa niliyoiona mimi haikuwa kwenye ile karatasi nyekundu. Hatari ni kwamba gome linasaidia. Dawa isiyofanya kazi mtu huiacha akaenda hospitali. Ile inayompa afueni humkalisha nyumbani, na kama ndani kuna saratani, inaendelea na shughuli zake bila kusumbuliwa na mtu.

Choo cha kituo kilitenganishwa na chumba cha panya kwa bati moja. Sikutaka kusikia, lakini masikio hayana kope. Nilimsikia Mzee Rukunga akiingia, akisimama, akikohoa, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, akisubiri. Wimbo ulikuwa unaisha na kuanza tena. Halafu kikaja kipindi wimbo ukawa mfupi, na nikajua amepata dawa, na nikajua ni dawa gani.

Huku kwetu wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni rika, na rika ni undugu wa hadi kaburini. Rika la Mzee Rukunga lilichanga mbuzi kila baada ya muda na kukutana kwake Githongo. Kichwa na miguu ya mbuzi hutokota asubuhi nzima kwenye sufuria kubwa, na ndani yake hutiwa miti michungu. Wao walitia mweria. Walikunywa kwa vikombe vya bati, jasho likiwatoka, wakisifiana. Siku ya mbuzi ilipokuwa bado mbali, mke wake, Mama Mwenda, alimchemshia mifupa hiyo hiyo na gome hilo hilo, na alikunywa kila asubuhi kabla ya kuja kazini.

Rika lina sheria nyingine. Mtoto wa mwanarika mwenzako ni mtoto wako. Binti yake ni binti yako kabisa, na mbele yake hutamki neno la aibu, sembuse kuvua nguo. Na katika hospitali ya mjini, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo alikuwa mmoja tu, Daktari Makena, binti ya Mzee M'Ikiara. M'Ikiara na Rukunga walitahiriwa asubuhi moja. Mnaona jambo lilivyokaa. Mtu aliyehitaji kidole cha daktari kupapasa tezi kwa njia ya nyuma, na kipimo cha damu, daktari wake alikuwa mtoto aliyembeba mgongoni.

Mimi nami nilikuwa msichana kwake, rika la watoto wake. Singeweza kumwambia, "Mzee, nimesikia unavyokojoa." Ningeufunika wapi uso wangu? Basi nikatafuta njia. Tulikuwa tunasafisha chupa, yeye akifuta, mimi nikisuuza.

"Mzee," nikasema, "yule panya dume wa kizimba cha mwisho, namwona akisimama sana pale kwa kona."

Akaendelea kufuta. Kizimba cha mwisho kilikuwa tupu, na sote wawili tulijua.

"Ni mzee," akasema. "Panya mzee husimama."

"Na dawa anapata?"

"Anapata. Siku hizi anakojoa kukushinda."

"Basi si apimwe?"

"Apimwe nini na anaendelea vizuri? Wewe umesoma ripoti. Mweria inasaidia."

"Inasaidia mkojo, Mzee. Kama kuna kitu kibaya ndani ya tezi, mkojo hauwezi kutuambia. Panya wetu hata akiendelea vizuri, mwisho tunampasua tuone. Ni wewe ulinifundisha."

Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, ingawa ilikuwa safi.

"Panya hana rika," akasema, akaiweka rafuni.

Tangu hapo tulikuwa na panya wetu wa kizimba cha mwisho, na mazungumzo yale yalikwenda kwa miaka. Nilimuuliza habari zake kila wiki. Nilimpa Mzee nusu zote mbili za ukweli, kila mara, zile za faida na zile za hatari, kwa panya huyo asiyekuwepo. Aliitikia kwa adabu. Aliyabeba maneno ya faida akaenda nayo Githongo kwa rika lake, wakafurahi. Yale mengine yalibaki maabara pamoja na koti lake.

Mwishowe nilikwenda hospitali, kwa Daktari Makena. Nilimkuta akinywa chai kwa mandazi kwenye ofisi yenye ukubwa wa kabati. Nilipotaja jina, aliacha kutafuna.

"Baba Rukunga?" akasema. "Huyo hawezi kuingia hapa. Hata nikivaa maski, hata nikizima taa. Na mimi mwenyewe, unadhani ni rahisi?" Akasogeza kikombe kando. "Mwambie aende Embu. Kuna rafiki yangu huko, mwanaume, hajui mtu wa Githongo hata mmoja. Alhamisi ndiyo kliniki yake. Nitamwambia amngojee."

Nilirudi nikiwa mwepesi. Nikamwambia Mzee kwamba Embu kuna daktari mzuri wa panya, siku ya Alhamisi, mgeni kabisa. Alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Embu ni mbali kwa panya," akasema. Lakini akakubali. Mama Mwenda alinishika mkono sokoni akanishukuru mpaka nikaona haya. Mimi nililala usingizi mzuri juma lile, na sasa nikikumbuka usingizi ule nautamani.

Hakuenda Alhamisi. Alienda Jumanne, siku aliyojichagulia, akaketi kwenye foleni ya watu wote, akaonwa na kijana ambaye hakuwa ameambiwa chochote. Jumatano alikuja kazini amenyoa ndevu.

"Panya wako nimempeleka Embu," akaniambia kabla hata sijamsalimu. "Ako sawa."

"Walimpima?"

"Presha, sukari, macho. Kijana mwenye heshima sana. Akaniuliza, Mzee, unakojoa vizuri? Nikamwambia vizuri kabisa. Na si uongo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekojoa kama kijana."

"Ulikuwa umekunywa supu."

"Lazima mtu ale kabla ya safari."

"Na alikuuliza kama kuna dawa unatumia?"

"Aliuliza. Nikamwambia hakuna."

Nilisahau panya, nikasahau adabu. "Mzee, na mweria?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Nataka muelewe hilo, hakuwa anadanganya. Huyu ndiye mtu aliyejua gome hilo kwa uzito, kwa rangi, kwa harufu, aliyeona limefanya nini ndani ya panya zaidi ya mtu yeyote huku kwetu.

"Kathure, hiyo ni supu," akasema. "Tangu lini supu ikawa dawa?"

"Mzee, panya alikula chapati ya mkurugenzi na uliniambia niandike."

"Ile ilikuwa kazi," akasema, akavaa koti lake. "Hii ni chakula na watu wangu."

Basi hapo mlango ukafungwa. Nani tena angemwambia kitu? Embu wamesema yuko sawa. Rika lilichinja mbuzi mwingine kushukuru, na Mzee M'Ikiara, baba wa daktari mwenyewe, alisimama na kikombe mkononi akasema hospitali ni ya wasio na mweria. Nilipomwendea Daktari Makena kumweleza, aliweka kichwa juu ya meza. Tukakubaliana nimshawishi arudi Alhamisi. Nilishawishi. Alhamisi ilikuwa na mazishi, au mvua, au kuchuma kahawa, mpaka akastaafu na mimi nikachukua nafasi yake, na chumba cha panya kikawa kimya bila mluzi.

Mgongo ndio ulioanza. Alisema ni jembe. Halafu nyonga, akasema ni baridi ya Julai. Nilipokwenda kumwona, alikuwa anatembea kwa fimbo mbili, na bado alinihakikishia kwamba mkojo haukuwa na neno. Kila nikisikia mtu akisema mkojo hauna neno, mwili wangu hushtuka hadi leo.

Asubuhi moja alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya mikahawa, akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Wanawe walimbeba hadi kwenye pikapu ya jirani. Mama Mwenda alinitumia mtu, nikawakuta hospitali ya mjini, yeye tayari amelazwa nyuma ya pazia, mpira wa mkojo ukisubiri kuwekwa, kinyesi kimemtoka bila yeye kujua. Daktari aliyeingia alikuwa Makena. Hapakuwa na mwingine, na sasa hapakuwa na Embu.

Tulisimama nje ya pazia, mimi na Mama Mwenda, tumeshikana.

"Baba," nikasikia Makena akisema, "ni mimi. Nisichohitaji kuona sitakiangalia."

Halafu sauti ya mzee, imegeukia ukutani. "Fanya kazi yako, mwari."

Aibu aliyoikimbia miaka yote ilimngoja hapo, na ilikuja kubwa kuliko ile aliyoikimbia. Angevua suruali mwenyewe, dakika moja, akavaa, akaenda nyumbani. Sasa alivuliwa na binti wa Ikiara, akafutwa na binti wa Ikiara, akageuzwa kama mtoto mchanga. Mama Mwenda alijifunika uso kwa leso. Mimi nilitazama chini, na hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpe nani.

Makena alitoka akivua glavu. "Imefika kwa uti wa mgongo," akasema.

"Angekuja mapema?"

"Wengine wakija mapema tunawawahi. Yeye sijui. Sitawahi kujua, na wewe hutawahi kujua."

Alikuwa sahihi, na ndiyo sababu najua alikuwa daktari mzuri. Mtu mwingine angenipa neno moja.

Siku niliyomwona mara ya mwisho alikuwa mwepesi sana kitandani, shuka halikuinuka. Aliniashiria nikae.

"Kathure. Yule panya."

"Ndiyo, Mzee."

"Ungempasua."

Nililia mbele yake, jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya mzee wake. Aliniacha nilie. Halafu akaniuliza kama magome ya kibanda yamegeuzwa asubuhi hiyo.

Mnajua kinachonikosesha usingizi? Sikuficha kitu. Nimejipekua kama mtu anayetafuta ufunguo, mfuko baada ya mfuko. Ningepata kosa langu ningelitubu kanisani nikapumzika. Ningesema, kumbe nilinyamaza, kumbe nilimpa nusu. Lakini nilisema yote, mapema, mara nyingi, kwa mtu aliyenifundisha kuyasema. Mnaojifunza kazi hii mnaambiwa kwamba kazi ni kutafuta ukweli. Hakuna anayewaambia kwamba unaweza kuupata, ukaubeba kwa mikono miwili hadi mlangoni kwa mtu unayempenda, akaupokea kwa heshima zote, akauweka chini na kwenda kunywa supu.

Tulimzika Githongo, chini ya kahawa, siku ya jua kali. Rika lake lilizungumza mmoja mmoja. Kila aliyesimama aliusifu mweria. Ulimwongezea miaka, wakasema. Bila ule mti angetuacha zamani. Nilitaka kusimama, lakini mwanamke wa umri wangu haropoki kwenye mazishi ya mzee, na hata ningeropoka, ningesema nini ambacho sikuwa nimekwisha kusema? Daktari Makena alikuwa amesimama nyuma, pamoja na akina mama, macho makavu.

Watu walipoanza kugawiwa chakula, Mzee M'Ikiara alinijia. Alikuwa ameshika kofia mkono mmoja, na mkono mwingine panga lililotumika kukata fito za kaburini. Wakati wa hotuba nilikuwa nimemwona akitoka mara kwa mara kwenda nyuma ya migomba na kukaa huko.

"Wewe ndiye ulikuwa ukifanya kazi na yeye?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mti wake ni upi hasa? Naona hapo mpakani iko miwili."

Nikamwambia yote. Sikutumia panya safari hii, nilizeeka siku hiyo. Nilimwambia gome linapunguza taabu, haliponyi saratani, na haliwezi kumwambia mtu kama alichonacho ni uvimbe wa uzee au ni saratani. Nilimwambia aende Embu siku ya Alhamisi, si Jumanne, amwone daktari mwanaume aliye mgeni, akubali kidole, akubali damu, na akiulizwa anatumia nini, aseme supu, aseme mweria. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kofia kifuani. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vizuri hivyo.

"Umesema maneno mazuri, mwari," akasema. "Hata binti yangu huniambia hayo hayo, kupitia kwa mama yake." Akavaa kofia. "Sasa, mti ni upi?"

Nilifikiria kukataa. Lakini alikuwa na panga, na miti ilikuwa miwili, na nilijua angeizungusha yote, maana aliyekuwa akiwakatia siku zote tulikuwa tumemfukia sasa hivi. Basi nikatembea naye hadi mpakani, nikaweka kiganja changu juu ya gome.

"Ni huu," nikasema. "Kata upande wa mawio na upande wa machweo peke yake. Hapa na hapa usiguse. Usizungushe."

Alikata polepole, kwa uangalifu, akiniuliza kila mara kama amefika mpaka. Alinitii kwa kila neno. Mti ule mpaka leo ni mzima, mkipita Githongo mtauona, gome limejifunga tena pande zote mbili. M'Ikiara tulimzika kabla halijafunga.